Fulana ya Bi Mashavu

Kwanza ieleweke kwamba mimi sipo. Nimehamishiwa ofisi mpya yenye meza, kiti na feni, lakini ofisi yenyewe haijazinduliwa, na katika nchi yetu kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Kwa hiyo haya yanaandikwa na mtu asiyekuwepo, ndani ya ofisi isiyokuwepo, na sioni ni kosa gani linaweza kupatikana humo.

Wageni huushangaa utaratibu huu, nasi huwashangaa wao. Pale Kivumoni kuna daraja zuri la zege lililokamilika zamani. Linasubiri mgeni rasmi. Watu wanavuka chini yake, maji yakiwafika kiunoni, na hakuna anayelalamika, maana ukipita juu ya kitu ambacho hakipo kisha ukaanguka, utamshitaki nani? Kisima cha Mwisho wa Lami nacho kimefungwa utepe mwekundu, na kinamama hukipita kwa heshima na ndoo zao wakielekea mtoni.

Mimi nilikuwa Afisa Habari wa Wizara ya Afya na Sherehe. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwamba mambo yamekwenda vizuri, na kuiandika habari hiyo mapema, kabla mambo hayajakwenda. Niliifanya kwa moyo wote. Nasema hivyo nisije nikadhaniwa mchochezi.

*

Mwaka ule Mtukufu Kiongozi alisafiri nje, akaonyeshwa hospitali ambako mtu aliyefariki humpa macho mtu aliye hai. Akapendezwa. Aliporudi, hata ngazi za ndege hajazimaliza, akatamka kwamba nasi tutakuwa na Benki ya Macho, na kwamba vijana wa sekondari wataonyesha mfano kwa kuahidi viungo vyao. Niliuliza kwa nini vijana. Katibu Mkuu wetu, Bwana Mwinyikombo, akanifafanulia kwa upole kwamba vijana wana viungo vipya, halafu kila asubuhi huwa wamepangwa mstarini, hivyo ni rahisi kuwapata.

Ukafanywa utafiti wa misimamo ya vijana. Matokeo tuliyachapa kwanza ili kuokoa muda, nayo yalisema vijana wote wako tayari na wana furaha. Kisha tukaenda kuwauliza.

Niliongozana na Waziri mwenyewe hadi Sekondari ya Mlimawima, na hapo ndipo nilipoanza kukosa raha, kwa sababu vijana wale waliulizwa swali wakajibu kwa maswali. Mmoja alitaka kujua kama atakayepewa macho yake atamjua. Mwingine akauliza kama figo lake litakwenda kwa mgonjwa anayefuata kwenye foleni au kwa mpwa wa mtu. Mmoja alisema mama yake hamruhusu kuwaazima watu hata rula, sembuse ini. Kijana mmoja mrefu aitwaye Kibwana alisimama akasema yeye hataki, anaogopa, na akiulizwa anaogopa nini atajibu hajui, anaogopa tu. Mwalimu wa zamu akamwamuru akae chini, kwa sababu jibu lake halimo kwenye matokeo.

Halafu akasimama msichana wa kidato cha tatu, jina lake Havijawa. Huyu alikuwa anakaa dawati moja na Sikudhani, na lazima niwaeleze habari za Sikudhani, maana yote yaliyotokea yalitokea kwa ajili ya macho yake. Kioo cha mbele ya jicho, kile kinachopaswa kuwa safi, kwake kilikuwa kinaingia ukungu, na kila muhula ukungu ulizidi. Daktari Nyanje wa hospitali ya wilaya, mama mmoja asiyejua kubembeleza maneno, alikuwa ameshasema kwamba dawa ni moja tu: vioo vya mtu aliyefariki. Vikipatikana ataona. Visipopatikana, mtihani wa kidato cha nne utamkuta kipofu. Kwa sasa Havijawa ndiye aliyekuwa akimsomea ubaoni kwa kunong'ona, na mara kwa mara alichapwa kwa kosa la kupiga soga darasani.

Havijawa akamwamkia Waziri vizuri, kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe ameshaahidi.

Waziri alicheka kwanza. Halafu akasimama, akavuta koti. "Binti, umeuliza vizuri. Lakini viungo vyangu mimi si vyangu. Ni vya taifa. Moyo huu umo ndani ya Katiba, na siwezi kuugawa mpaka theluthi mbili ya Bunge iridhie."

Tulipiga makofi. Alipoketi akaongeza kwa unyonge kwamba hata kama angependa, fulana zenyewe hazimtoshi.

Hilo lilikuwa kweli. Kila anayeahidi alipewa fulana ya njano iliyoandikwa kifuani MIMI NIMEAHIDI, na chini yake WEWE JE? Zilishonwa kipimo kimoja tu, cha vijana, kwa kuwa wizarani haikumpitikia mtu yeyote kwamba kuna mtu mzima atakayeihitaji. Basi Havijawa akasema kwamba wao watazivaa siku watakapomuona mtu mzima mmoja aliyeahidi. Akaketi. Wenzake wakaanza kusuguasugua viatu sakafuni, sauti ambayo si kelele na si kimya, nayo haikunitoka masikioni mpaka tulipofika mjini. Magunia ya fulana yakabaki stoo ya shule. Nikaandika kwamba wanafunzi walizigombania.

*

Havijawa alilelewa na bibi yake mzaa baba, Bi Mashavu binti Faki, muuza vitumbua kwenye lango la shule. Alikuwa mama wa umbo, wa kicheko kikubwa na hasira fupi. Mjukuu wake alipomsimulia mkasa wa Waziri, inasemekana aliuliza tu, "Mtu mzima mmoja? Basi?" Kesho yake akafunika karai, akamchukua mwanawe Vuai awe shahidi, akaenda kwa Daktari Nyanje kuahidi macho yake na chochote kingine ambacho daktari angeona bado kinafaa.

Vuai hakupenda. Alimuuliza imamu wa msikiti wao, akaambiwa kwamba ikiwa mama mwenyewe ameusia na kuna mtu atakayepata kuona, yeye haoni ubaya, mradi maziko yasicheleweshwe. Vuai akaridhika nusu, na ile nusu isiyoridhika akabaki nayo kwa muda mrefu.

Fulana ilikataa kupita mabegani. Bi Mashavu akazipeleka mbili kwa fundi Chande, naye akazipasua na kuziunga zikawa moja, kiasi kwamba kifuani maneno yalisomeka mara mbili, bega kwa bega: WEWE JE? WEWE JE? Akawa anauzia vitumbua ndani yake kila asubuhi. Vijana walinunua, walisoma, walicheka, wakaenda stoo kuchukua zao. Si wote. Kibwana alikuwa akipita lango kwa kuinamisha kichwa, hadi siku moja bibi akamshika mkono. "Woga si dhambi, baba," alimwambia. "Kula kitumbua."

Mwenye shida alikuwa Sikudhani. Bi Mashavu alimwambia mbele za watu, "Macho yangu haya yameshaona ya kutosha, na mengine hata sikuomba kuyaona. Siku yangu ikifika yachukue. Ila sina haraka, mwanangu, usinitazame hivyo." Wote wakacheka. Sikudhani naye akacheka, lakini tangu hapo akaacha kununua vitumbua. Alimwambia Havijawa kwamba kila akimwamkia bibi anajiona kama mtu aliyesimama mlangoni na mkoba, anangoja mwenye nyumba atoke. Havijawa akamwambia aache ujinga, na kesho yake akamletea vitumbua darasani vikiwa vimefungwa kwenye karatasi.

*

Benki ya Macho ikajengwa katika ua wa hospitali ya wilaya. Ilikuwa na chumba cha upasuaji, jokofu linalong'aa, na daktari aliyefunzwa. Mlangoni ikafungwa utepe, na mbele ya utepe akawekwa askari. Kilichobaki ni uzinduzi.

Mwanzoni mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Mkoa akasikia, akaona jambo ni kubwa kuliko wilaya. Waziri akasikia. Makamu akasikia. Kila alipopatikana mgeni mkubwa zaidi, tarehe ilisogezwa ili ilingane na ukubwa wake, na kila tarehe iliposogezwa, Sikudhani alisogea karibu zaidi na ubao. Mwisho alikuwa anausoma kwa kuuegemeza uso, chaki ikimbaki puani. Hatimaye Mtukufu mwenyewe akasema atakuja, na hapo tukajua kwamba hakuna tena wa juu zaidi wa kulichukua jambo hilo.

Alfajiri ya siku hiyo ya uzinduzi Bi Mashavu alianguka jikoni kwake. Walimfikisha hospitali, na kabla jua halijapanda akafariki.

Nataka niseme wazi kwamba niliumia. Nilishakula vitumbua vyake. Lakini nilikuwa na maturubai ya kusimamia, na kwaya, na zulia ambalo lilikuwa fupi kuliko msafara uliotarajiwa.

Daktari Nyanje alikuja akasimama nje ya utepe, akamwita Katibu Mkuu aliyekuwa ndani, akiwa tayari amevaa mavazi ya kazi. Alieleza kwamba marehemu ameahidi, familia imekubali, mgonjwa yupo, na macho hayangoji kama watu wanavyongoja. Maziko ni baada ya sala ya alasiri. Anachoomba ni kuingia ndani na kutumia jokofu.

"Jokofu gani, Daktari?" aliuliza Bwana Mwinyikombo, kwa mshangao wa kweli. "Mimi hapa sioni jokofu."

Aliyasema hayo amesimama nalo ubavuni, kiwiko kikiwa juu yake, akichagua soda. Soda za jukwaa kuu tulikuwa tumezipitisha chini ya utepe na kuzipoza humo tangu jana, kwa kuwa hilo ndilo jokofu pekee hospitalini lililokuwa linafanya kazi.

*

Tukasubiri. Vijana wa Mlimawima walikuwa wamepangwa juani mbele ya jukwaa, karibu wote wamevaa fulana za njano, maana ndio waliokuwa mapambo ya siku. Havijawa alitokea chumba cha maiti, macho yamevimba, akasimama mstari wa mbele. Alikuwa amevaa fulana ya bibi yake. Ilimfika magotini. Sikudhani alimshika mkono, sijui nani alikuwa akimwongoza mwenzake.

Saa sita mchana ikapita bila Mtukufu. Ving'ora vilisikika mara mbili, na mara zote mbili vilikuwa vya gari la wagonjwa, ambalo tuliliomba lizime lisiwababaishe wageni. Vijana wakaanza kusugua viatu. Vuai, ami yake Havijawa, alikuja akasimama nyuma ya mistari na kanzu yake, akatazama jua, akaondoka, akarudi tena kutazama jua. Adhuhuri ikaadhiniwa.

Ndipo habari zilipoanza kushuka. Mtukufu amepata dharura, anamtuma Makamu. Makamu alikuwa njiani lakini amemtuma Waziri. Waziri alikuwa tayari jukwaani, akashangilia, akapokea hotuba. Kisha simu yake ikalia, akaambiwa kwamba Mtukufu huenda akabadili nia akaja mwenyewe. Rangi ikamtoka. Nani angependa kukutwa na mkasi mkononi katika uzinduzi wa Mtukufu? Akakumbuka kikao muhimu, akamkabidhi hotuba Katibu Mkuu, akaondoka na vumbi lake.

Hapa niwaeleze desturi yetu, kwa wasioijua. Kwa kuwa wakubwa hutuma wenzao, na wenzao hutuma wengine, hakuna anayeweza kukariri ni nani mgeni rasmi. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mgeni rasmi ni yule mwenye hotuba mkononi. Anayeishika husimamiwa, hupigiwa saluti, na atakachotamka kinakuwa.

Bwana Mwinyikombo aliitazama hotuba jinsi mtu anavyotazama nyoka aliyemkuta kitandani. Akajishika tumbo. "Hebu nishikie kidogo," akaniambia, akaelekea chooni kwa mwendo ambao mgonjwa wa tumbo hawezi kwenda.

Watu wote wakasimama. Bendi ikapiga. Askari wa mlangoni akanipigia saluti, mimi, ambaye asubuhi hiyo aliniuliza kitambulisho. Nikaishika hotuba kwa mikono miwili. Niliiona benki, nikamwona Daktari Nyanje kwenye kivuli cha ukuta, nikamwona Vuai akitazama jua. Miguu haikwenda popote.

Havijawa akatoka mstarini.

"Mjomba," alisema taratibu, "naomba nikushikie."

"Shika kidogo," nikasema.

Bendi ikapiga tena. Askari akageuka, akampigia saluti msichana aliyevaa fulana ya kumfika magotini. Akapelekewa mkasi kwenye sinia. Havijawa hakufungua hata ukurasa mmoja wa hotuba ile. Alisogelea kipaza sauti akasema:

"Kwa niaba ya Mtukufu, na kwa niaba ya Makamu, na kwa niaba ya Waziri, na kwa niaba ya Katibu Mkuu aliyeko chooni, na kwa niaba ya mjomba huyu. Na kwa niaba ya bibi yangu, Mashavu binti Faki. Benki hii imezinduliwa."

Akakata utepe. Daktari Nyanje alishaingia kabla vipande havijagusa chini. Soda zikatolewa kwa kreti mlangoni, vijana wakazipokea na kupasiana mstari kwa mstari, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nchini kwetu soda za jukwaa kuu kunywewa na walioko juani. Bi Mashavu alizikwa baada ya alasiri, kwa wakati, kama imamu alivyotaka. Nilikuwepo. Vuai alinipa mkono, kisha akausahau ndani ya mkono wangu.

*

Jioni Mtukufu akaja. Alikuta utepe umekatwa na benki ipo. Usiku huohuo Baraza likaketi, likaamua kwamba uzinduzi ule ulikuwa mazoezi. Kwa hiyo upasuaji wa Sikudhani, uliofanyika siku mbili baadaye, ukawa mazoezi ya upasuaji, na kuona kwake, bandeji zilipotolewa, kukawa mazoezi ya kuona. Aliamriwa asitishe mpaka tarehe rasmi itakapotangazwa.

Mkaguzi wa shule alitumwa kukaa nyuma ya darasa lao. Ikabidi Havijawa aendelee kumnong'oneza yaliyoko ubaoni, na Sikudhani ainamishe kichwa kana kwamba hayaoni. Tofauti ni kwamba sasa Havijawa akikosea, alisahihishwa. Wakati mwingine alinyamaza katikati ya sentensi akabaki kumtazama mwenzake machoni, muda mrefu, na Sikudhani alimwacha amtazame. Alijua si yeye anayetafutwa humo. Mkaguzi aliandika kwamba nidhamu ni nzuri.

*

Utepe ulifungwa upya, na siku ya uzinduzi wa kweli Mtukufu alikuja kwa wakati, jambo lililotukuta hatujajiandaa. Nilikuwa bado kazini, kwa kuwa barua yangu ya uhamisho ilikuwa haijapata wa kuizindua. Jukwaa lilijaa. Sikudhani alipandishwa amefungwa kitambaa cha rangi za bendera. Utepe ukikatwa atafunguliwa, ataulizwa anaona nini, naye atajibu kwa sauti: Namuona Mtukufu, chanzo cha nuru. Tulimfanyisha mazoezi juma zima na hakukosea hata mara moja.

Mtukufu akakata. Akamfungua kitambaa kwa mkono wake, kamera zikiwa zinamulika.

"Haya binti," akasema, "unaona nini?"

Sikudhani alipepesa. Akatazama jukwaa kuanzia kushoto hadi kulia, bila pupa, kama anayesoma ubao mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Naona suti," akasema kwenye kipaza sauti. "Nyeusi nyingi, na moja ya kijivu." Kisha akageukia uwanjani. "Huku chini nawaona wenzangu wamevaa fulana. Fundi Chande na ami yake Havijawa nao wamevaa, za kuunga. Kibwana hakuvaa, lakini amekuja. Na Havijawa amevaa ya bibi." Akasogea ukingoni mwa jukwaa. "Inasomeka vizuri kutoka hapa."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hapakuwa na aliyejua kama ni mahali pa kupiga. Mtukufu aliangalia alikokuwa akiangalia yule binti. Mstari wa mbele, fulana kubwa ya njano ilimuuliza swali lake, na kabla hajalijibu ikamuuliza tena. Akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

Taarifa ya wizara ilitoka jioni ileile. Hiyo sikuiandika mimi. Ilisema kwa masikitiko kwamba upasuaji wa kwanza wa macho nchini haukufanikiwa, kwani mgonjwa alilitazama jukwaa kuu lote na hakumuona hata mtu mmoja aliyeahidi.